BMW 507: Gari la fahari lililokaribia kuifilisi kampuni iliyoliunda

MUUZAJI wa magari ya kale anapotangaza kwamba ana BMW 507 ya kuuza, mara nyingi tangazo lenyewe huwa halina bei. Huwekwa picha za gari refu la viti viwili lisilo na paa, mwaka lilipoundwa, nambari ya chesisi na ombi kwamba mwenye nia awasiliane na duka. Anayelazimika kuuliza bei, yaelekea, hakuwa amekusudiwa.

Sababu ni uchache wake. Magari haya yaliundwa 252 pekee mjini Munich, Ujerumani, na utengenezaji ukakoma mwaka wa 1959. Yapatayo 200 yanajulikana kuwa yangalipo. Mnamo Julai 2018, moja kati yake liliuzwa mnadani Goodwood, Uingereza, kwa pauni 3,809,500, kiasi kilichokuwa kikubwa zaidi kuwahi kulipwa mnadani kwa gari la aina hiyo.

Hata hivyo, gari hilo hilo lilipokuwa jipya halikupata wanunuzi wa kutosha kwa dola 10,500. Kila lililotoka kiwandani liliiongezea kampuni hasara, na kabla ya muongo kumalizika BMW yenyewe ilikuwa imefikishwa mbele ya wenyehisa wake ili iuzwe kwa mshindani wake mkuu. Isitoshe, wazo la kuliunda halikutoka kwa mhandisi wala mkurugenzi. Lilitoka kwa mfanyabiashara wa kuuza magari.

Mtu wa Park Avenue

Max Hoffman alizaliwa Vienna, Austria, mwaka wa 1904, akakimbilia Marekani mwaka wa 1941 wakati Ulaya ilipokuwa vitani. Vita vilipokwisha akawa mwagizaji mashuhuri wa magari ya Ulaya mjini New York. Duka lake katika barabara ya Park Avenue lilibuniwa na Frank Lloyd Wright, msanifu majengo mwenye sifa kubwa nchini humo, na lilidumu hadi lilipobomolewa mwaka wa 2013.

Kazi ya Hoffman haikuishia kupokea magari bandarini na kuyatia dukani. Alikuwa na mazoea ya kuwaambia watengenezaji waunde nini. Mercedes-Benz 300 SL, gari lile ambalo milango yake hufunguka kuelekea juu kama mbawa, liliingia sokoni baada ya yeye kuishinikiza kampuni hiyo iligeuze gari lake la mashindano kuwa la mnunuzi wa kawaida mwenye fedha. Porsche 356 Speedster, lililoanza kuuzwa Marekani mwaka wa 1954 kwa bei isiyofika dola 3,000, nalo pia lilitokana na ushawishi wake. Muuzaji aliyepatia mara mbili namna hiyo hapuuzwi.

Ndiposa alipoigeukia BMW mwaka huo wa 1954, wakuu wa kampuni walimsikiliza. Hoja yake ilikuwa rahisi kueleweka. Upande mmja wa soko la Marekani kulikuwa na 300 SL, gari la kasi lakini ghali mno. Upande wa pili kulikuwa na magari madogo ya Uingereza, MG na Triumph, yenye bei nafuu na nguvu haba. Katikati palikuwa patupu. Hoffman aliamini kwamba gari la wazi la viti viwili, lenye injini ya silinda nane ambayo BMW ilikuwa nayo tayari, likiuzwa kwa dola 5,000, lingenunuliwa hadi 5,000 kwa mwaka.

Kampuni yenye majeraha

Ili kufahamu kwa nini BMW ilikubali, yafaa kukumbuka hali yake. Kiwanda chake cha magari kilichokuwa Eisenach kilibaki upande wa Wasovieti baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Munich ilianza upya kwa pikipiki, na gari lake la kwanza baada ya vita, modeli 501, lilianza kufikishwa kwa wateja mwaka wa 1952. Lilikuwa kubwa, zito na ghali katika nchi ambayo raia wengi walikuwa bado wanaendesha baiskeli. Modeli 502, iliyotiwa injini mpya ya silinda nane mwaka wa 1954, ilikuwa ghali zaidi.

Kwa hivyo kampuni ilikuwa na injini nzuri ya alumini isiyo na gari la kuiuza. Hapo ndipo maneno ya Hoffman yalipopata rutuba. Mhandisi Fritz Fiedler alipewa kazi ya kuunda gari jipya kwa kutumia vipuri vilivyokuwapo kadiri ilivyowezekana, ili gharama isipande.

Umbo la kwanza lililochorwa, kazi ya Ernst Loof, halikumpendeza Hoffman. Badala yake alimhimiza Albrecht von Goertz, Mjerumani wa ukoo wa kikabaila aliyekuwa akiishi Marekani na ambaye aliwahi kufanya kazi na mbunifu Raymond Loewy, apeleke michoro yake Munich. Mwishoni mwa 1954 BMW ikampa Goertz kazi ya kubuni magari mawili kwa pamoja: 503, lenye viti vinne, na 507.

Alichochora Goertz ndicho kinachowafanya watu walipe mamilioni hadi leo. Boneti ni ndefu na imelala chini. Mstari wa ubavuni unaanzia juu ya gurudumu la mbele, unadidimia kidogo mlangoni, kisha unainuka tena juu ya gurudumu la nyuma, kama mgongo wa mnyama anayejiandaa kuruka. Matundu mawili ya mbele, ambayo katika magari mengine ya BMW husimama wima, hapa yamelazwa na kupanuliwa. Ubavuni, nyuma ya gurudumu la mbele, kuna matundu ya kutolea joto yenye nembo ya kampuni katikati. Mapambo mengine ni machache mno kwa gari la miaka ya hamsini, enzi ambayo Wamarekani walikuwa wakiyarundikia magari yao kila kilichong'aa.

Gari lilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, katika majira ya kiangazi ya 1955, kisha likapelekwa kwenye maonyesho ya Frankfurt mwezi Septemba. Sifa zilimiminika. Utengenezaji ulianza Novemba 1956, na hapo matatizo yakajitokeza.

Nyundo na bei

Bodi ya 507 ilifuliwa kwa mkono. Mafundi walichukua mabati ya alumini, wakayagonga na kuyakunja hadi yakafuata umbo, kisha wakayaunga. Mtu aliyewatazama wahunzi wa jua kali wa Kamukunji wakigeuza bati kuwa sanduku atafahamu mara moja maana ya jambo hilo: hakuna vitu viwili vitakavyofanana sawasawa. Magari yalitofautiana kwa milimita hapa na pale. Yaliyouzwa pamoja na paa gumu la kuondolewa, ambayo yalikuwa 11 pekee, kila moja lilitengenezewa paa lake, na paa la gari moja halikai vizuri juu ya jingine.

Kazi ya namna hiyo haifanywi kwa bei ya dola 5,000. Nchini Ujerumani, 507 lilitangazwa kwa marki 26,500, na baadaye bei ikapanda hadi 29,950. Kwa viwango vya ubadilishanaji vya wakati huo, vya takriban marki 4.20 kwa dola, bei ya kwanza pekee ilizidi dola 6,300 kabla ya gari kuvuka bahari, kulipiwa ushuru na kumpa muuzaji faida yake. Marekani likafika kwa takriban dola 9,000, hatimaye 10,500. Bei aliyokuwa ameikadiria Hoffman ilikuwa imeongezeka zaidi ya maradufu.

Kwa kulinganisha, BMW ilikuwa ikiuza wakati huo huo kigari cha Isetta, chenye umbo la yai na mlango wa mbele, ambacho kilipoingia sokoni mwaka wa 1955 bei yake haikufika marki 2,600. Bei ya 507 moja ingenunua Isetta kumi. Watengenezaji wachache wamewahi kuwa na bidhaa mbili zilizoachana hivyo katika duka moja, na haishangazi kwamba mnunuzi wa tabaka la kati, yule ambaye ndiye hasa anayeiwezesha kampuni ya magari kuishi, hakupata chake hapo.

Kilichoumiza zaidi ni kwamba pengo ambalo gari lilikusudiwa kuliziba lilikuwa limepotea. Kwa bei hiyo mpya, 507 lilikuwa jirani wa 300 SL lenyewe. Injini ya BMW ilikuwa ya lita 3.2, yenye kabureta mbili za Zenith na nguvu za farasi 150, ikiunganishwa na giaboksi ya ZF ya gia nne. Iliweza kulifikisha gari kwenye mwendo wa kati ya kilomita 193 na 220 kwa saa, kutegemea uwiano wa gia za ekseli ya nyuma. Hizo zilikuwa takwimu za heshima. Lakini Mercedes ilikuwa na mfumo wa kupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, na nguvu za farasi zaidi ya 200. Mteja aliyetaka kasi alielekea huko. Mercedes iliunda 300 SL 1,400 zenye milango ya mbawa, na zisizo na paa 1,858 kati ya 1957 na 1963.

Magari 34 ya mwanzo yalikuwa na kasoro nyingine. Tangi lake la mafuta, la lita 110, liliwekwa nyuma ya viti. Lilikula nafasi ya abiria na ya mizigo, na paa lilipofungwa, harufu ya petroli iliingia ndani. Katika magari yaliyofuata tangi lilipunguzwa hadi lita 66 na kuhamishiwa chini ya buti. Breki nazo zilikuwa za ngoma, na ni magari ya mwishomwisho tu yaliyopata breki za diski mbele.

Idadi yote iliyouzwa, kuanzia la kwanza hadi la mwisho, ni kama asilimia tano ya yale ambayo Hoffman alitarajia kuuza katika mwaka mmoja.

Siku ya wenyehisa

Si haki kulibebesha 507 peke yake lawama ya yaliyofuata. Hasara ya magari 252, hata iwe kubwa kiasi gani kwa kila moja, haitoshi kuangusha kampuni nzima. Biashara ya pikipiki, iliyokuwa ikiilisha BMW, iliporomoka: kutoka takriban 30,000 mwaka wa 1954 hadi chini ya 6,000 mwaka wa 1957, kwani Wajerumani walioanza kupata fedha walitaka kusafiri bila kunyeshewa. Magari makubwa ya 501 na 502 hayakulipa. Isetta iliuzwa kwa wingi, lakini faida yake ilikuwa ndogo. Gari la Goertz liliongeza mzigo juu ya mgongo uliokuwa tayari umepinda, na liliwanyima wahandisi muda ambao wangeutumia kuunda gari la kawaida la familia.

Kufikia mwaka wa 1959, ambao hasara yake ilifikia marki milioni 15, maji yalikuwa yamezidi unga. Desemba 9, 1959, wenyehisa waliitwa mkutanoni Munich kuidhinisha mpango ambao ungeiweka BMW mikononi mwa Daimler-Benz, mwenye Mercedes. Wakuu wa kampuni waliuunga mkono, na benki kubwa zilikuwa nyuma yao. Ilidhaniwa kura ni ya kukamilisha utaratibu tu.

Haikuwa hivyo. Wenyehisa wadogo, wakiwemo wauzaji wa magari ya BMW ambao wangepoteza riziki, walipinga kwa saa nyingi. Wakili wao, Friedrich Mathern, aliikagua mizania na kuonyesha kasoro: gharama za kuunda modeli mpya, BMW 700, zilikuwa zimeingizwa zote katika mwaka mmoja badala ya kugawanywa, na hivyo kuifanya hasara ionekane kubwa kupita kiasi. Kwa mujibu wa sheria, asilimia kumi ya wenyehisa ilitosha kuahirisha mkutano kwa sababu hiyo. Kura hizo zilipatikana. Mpango wa Daimler-Benz ukavunjika.

Muda si mrefu, Herbert Quandt, tajiri wa viwanda aliyekuwa na hisa katika kampuni hiyo, akaamua kutia fedha zake. BMW 700, gari dogo la bei ya kadiri, lilinunuliwa kwa wingi. Mwaka wa 1961 kampuni ilionyesha Frankfurt modeli 1500, gari la milango minne kwa mnunuzi yule yule wa tabaka la kati ambaye alikuwa amesahauliwa, na kuanzia hapo ikasimama. Ukoo wa Quandt ungali na hisa nyingi zaidi katika BMW hadi leo.

Mikononi mwa wenye sifa

Mwanajeshi mmoja Mmarekani aliyekuwa akitumikia Ujerumani alijipatia 507 jeupe mnamo Desemba 1958. Lilikuwa limewahi kutumiwa na Hans Stuck, dereva mashuhuri wa mashindano ya kupanda milima. Mwanajeshi mwenyewe alikuwa Elvis Presley. Inasimuliwa kwamba mashabiki wa kike walikuwa wakiandika ujumbe kwa rangi ya midomo juu ya bodi hiyo nyeupe, hata akaamua kulipaka rangi nyekundu ambayo isingeonyesha maandishi.

Gari hilo lilipelekwa Marekani, likapita mikono kadhaa. Injini yake iling'olewa na kubadilishwa kwa ya Chevrolet ili litumike katika mashindano. Baadaye lilinunuliwa na mhandisi wa California, ambaye alilihifadhi kwa miaka mingi, hatimaye katika ghala la kuwekea maboga. Lilipopatikana lilikuwa halina injini wala giaboksi. BMW ililirejesha Munich, ikaitengeneza upya kwa takriban miaka miwili, ikiunda injini kutoka kwa vipuri asilia na kuchapisha kwa mashine ya kompyuta baadhi ya sehemu ndogo kama vile vishikio vya milango. Agosti 2016 lilionyeshwa Pebble Beach, likiwa jeupe tena.

Kisa cha John Surtees ni kinyume chake kabisa. Huyu ndiye mtu pekee aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa pikipiki na pia wa magari ya Formula One, taji ambalo alilinyakua mwaka wa 1964 akiwa na Ferrari. 507 lake alilipata mwaka wa 1957, zawadi iliyotokana na ushindi wake wa pikipiki akiwa na timu ya Domenico Agusta. Hakuliuza. Alilitumia, akalitia breki za diski, akakaa nalo hadi alipofariki Machi 2017. Ndilo lililouzwa Goodwood mwaka uliofuata kwa bei iliyotajwa mwanzoni.

Magari yote mawili yalitoka kiwanda kimoja. La Surtees lilikuwa na mmiliki mmoja na karatasi zake zote. La mwanamuziki lilihitaji kampuni nzima na miaka miwili ili liwe gari tena.

Anachotazama mnunuzi

Hapo ndipo pana kiini cha biashara ya wauzaji wa leo. Mnunuzi makini huanza kwa kulinganisha nambari ya chesisi, nambari ya injini na kumbukumbu za kiwanda, ambazo BMW imezihifadhi Munich na ambazo huonyesha gari lilitoka lini, likiwa na rangi gani na kupelekwa kwa nani. Gari ambalo injini yake si ile liliyozaliwa nayo hupungua thamani kwa kiasi kikubwa, hata likiendeshwa vizuri kuliko la asili. Hufuata bodi: alumini iliyogongwa kwa nyundo ikipata ajali hurekebishwa kwa nyundo, na fundi mwenye ustadi anaweza kuificha kazi yake chini ya rangi. Gari ambalo limebaki na paa lake gumu la awali ni nadra zaidi, ingawa muuzaji anayesema paa limeongezwa baadaye "linakaa sawasawa" anastahili kuulizwa maswali zaidi. Magurudumu ya Rudge yenye nati moja ya katikati, yaliyouzwa kwa malipo ya ziada, nayo hutafutwa sana.

Asiyemudu bei hizo hugeukia BMW Z8, iliyouzwa kati ya 1999 na 2003 kwa kumbukumbu ya wazi ya kazi ya Goertz, ikiwemo grili pana iliyolazwa na matundu ya ubavuni. Mbunifu wake alikuwa Henrik Fisker, na injini ilitoka kwa gari la M5, yenye nguvu za farasi 400. Ziliundwa 5,703, zaidi ya mara ishirini ya 507, na bei yake mpya nchini Marekani ilianzia takriban dola 128,000. Safari hii BMW iliwapa wanunuzi wote paa gumu. Goertz aliishi kuiona Z8 ikiingia na kutoka sokoni; alifariki mwaka wa 2006 akiwa na umri wa miaka 92.